Coherence: Sebule Moja, Siri Kibao

Umeshawahi kukaa meza moja na mpenzi wa zamani wa mwenzi wako, ukatakiwa utabasamu kama vile hakuna kitu? Kama jibu ni ndiyo, muvi ya mwezi huu inakuhusu.

Inaitwa Coherence, imeongozwa na Mmarekani James Ward Byrkit na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2013. Ni muvi ya kisayansi, lakini usitegemee vyombo vya anga wala viumbe vya ajabu. Iligharimu kama dola 50,000, ambazo kwa Hollywood ni hela ya chai.

Stori yenyewe? Marafiki wanane, yaani kapo nne, wanakutana kwa chakula cha usiku. Usiku huohuo nyota yenye mkia inapita karibu na dunia. Vioo vya simu vinapasuka, umeme unakatika, mtaa mzima giza isipokuwa nyumba moja. Wanaume wawili wanakwenda kuchungulia na kurudi na habari ya kutisha: ndani ya nyumba ile wamejiona wao wenyewe!

Kilichonikosha

Byrkit aliipiga muvi hii nyumbani kwake, siku tano tu, tena usiku. Waigizaji hawakupewa skripti. Kila siku kila mmoja alipata maelezo yake peke yake, bila kujua mwenzake kaambiwa nini. Ndiyo maana wanakatizana maneno na kushtuka kama watu wa kweli. Na ukifikiria, si ndivyo tunavyoishi na wapenzi wetu? Karatasi ya mwenzio huioni.

Halafu kuna Em na Kevin. Kevin anakwenda Vietnam kikazi, amemwomba Em waende wote, na Em bado anajivuta. Mezani yupo Laurie, mpenzi wa zamani wa Kevin, amekuja na rafiki yao mwingine. Em ni mcheza dansi aliyewahi kukataa nafasi ya akiba. Mwenzake akaichukua, akawa staa. Ukiongeza siri ya usaliti ya watu wawili ambao wala si kapo, utaona kwamba nyota ile haikuleta ugomvi. Ilifunua chungu tu.

Hapo ndipo ufinyu wa bajeti unapogeuka kuwa faida. Hakuna milipuko ya kukupumbaza, kwa hiyo unaangalia nyuso.

Kilichonichosha

Kamera inayumba mno. Katikati ya mazungumzo picha inakatika na kuwa giza, utadhani laptop imeisha chaji. Mwanzoni watu wanane wanaongea kwa mpigo, majina hayakai kichwani. Baadaye wanaanza kutofautiana kwa vijiti vya kung'aa vya bluu na vyekundu, na ukienda jikoni mara moja tu, umepotea.

Sayansi nayo imeingizwa kwa mlango wa nyuma. Eti kitabu cha fizikia kinapatikana ndani ya gari, kisha mtu anaeleza habari za paka wa Schrödinger na wote wanaelewa chapchap. Isitoshe, baadhi yao, hasa Lee mwenye nyumba, hawajapewa nafasi ya kutosha. Unabaki unamjua Em tu.

Tulipobishana

Bila kukuharibia utamu: kuelekea mwisho Em anaanza kutamani maisha ya nyumba nyingine, ambako yeye na Kevin hawana mikwaruzo. Mwenzangu alisema Em ana haki ya kutafuta raha yake. Mimi nikamjibu, raha ile ina mwenyewe. Tulibishana hadi saa saba usiku, na kiukweli ni muda mrefu hatujaongea hivyo. Wengi wetu tunapiga hesabu za "ningekubali ile kazi" au "ningeolewa na yule", huku aliye pembeni yetu anasubiri jibu la leo.

Kwangu inapata 7 kati ya 10. Iangalieni wawili, taa mzime, simu mweke mbali. Ikiisha, muulize mwenzio kitu gani kati yenu kimekaa muda mrefu bila jibu. Sikiliza kwanza, usikimbilie kujitetea.