Mwalimu wa Watoto Mbele ya Wazee: Kazi na Stadi za Mtaalamu wa Elimu ya Watu Wazima

Wengi wa wanachuo wetu hudhani kwamba mtu aliyefuzu kufundisha darasa la kwanza aweza, pasipo maandalizi mengine, kusimama mbele ya darasa la kisomo cha watu wazima. Dhana hii ina sababu yake. Herufi ni zile zile, ubao ni ule ule, na mara nyingi hata chumba ni kile kile, kwani wazee huingia watoto watokapo. Lakini tumeshuhudia hasara yake. Mwaka mmoja, wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo wetu alimwamuru mama wa makamo asimame na kuirudia mara tatu, mbele ya wenzake, silabi aliyoikosea. Kwa mtoto jambo hilo lingepita. Mama yule aliirudia kwa sauti ndogo, akalikunja daftari lake, wala hakuonekana tena. Hakulalamika, hakutuma neno. Mtoto hurudi shuleni kesho yake kwa kuwa mzazi humtuma; mtu mzima hana wa kumtuma.

Ndugu mwanachuo asidhani kwamba haya hayamhusu. Tanzania ilipoufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na TANU ilipoazimia mwaka 1971 kwamba hali ya kutojua kusoma na kuandika ifutwe kabla ya mwisho wa 1975, shule za msingi ndizo zilizogeuzwa kuwa vituo vya elimu hiyo, na walimu wake wakabeba mzigo mkubwa pamoja na wenzao wa kujitolea. Leo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima hufunza wataalamu wa fani hii. Hata hivyo kijijini anayegongewa mlango kwanza ni mwalimu wa shule ya msingi.

Kazi ya kwanza ya mtaalamu ni kuchunguza, wala si kufundisha. Hana budi kujua watu hawa wanafanya kazi gani, wanarudi shambani saa ngapi, na ni jambo gani linalowauma kwa kutojua kusoma. Mkulima asiyejua tarakimu huupeleka mzigo wake mizanini na kupokea anachoambiwa. Aghalabu aweza kukokotoa kichwani haraka kuliko mwalimu. Asichoweza ni kuisoma mizani na stakabadhi. Hapo ndipo hesabu ianzie, si kwenye vijiti vya kuhesabia.

Ukweli huu ndio uliokuwa msingi wa mradi wa majaribio ya kisomo chenye manufaa ulioendeshwa katika mikoa ya Ziwa tangu 1968 hadi 1972 kwa msaada wa UNESCO na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Vitabu vyake havikuanza na a, e, i, o, u. Kila kimoja kilijengwa juu ya kazi ya wasomaji wenyewe: pamba, migomba, uvuvi, ufugaji, malezi ya nyumbani.

Tuchukue somo la pamba. Mwalimu huanza na picha ya shamba ambalo mashina yake yamesongamana, naye huuliza wanaona nini. Kisha hunyamaza. Kunyamaza huku ni stadi ngumu kwa sisi tuliozoea watoto, maana ukimya wa nusu dakika hututia hofu tukajijibu wenyewe. Mzee mmoja atasema mashina hayana nafasi. Mwingine atabisha kwamba nafasi ikizidi magugu hutawala. Wakishaongea, neno pamba huandikwa, husomwa zima, hukatwa pa-mba, na kila silabi hupewa ndugu zake: pa, pe, pi, po, na mba, mbe, mbi, mbo. Sasa wanafunzi wajitungie maneno mapya. Watapata pambo, watapata pembe, na hawatakosa kupata pombe mapema kuliko yote. Mwalimu mwenye busara hucheka pamoja nao.

Katika mabishano yale juu ya nafasi, mwalimu asijitie ubwana shamba. Amwalike bwana shamba mwenyewe. Kuwa kiungo baina ya darasa na wataalamu wengine, yaani wa kilimo, afya, ushirika na mifugo, ni sehemu kamili ya kazi yake, wala haimpunguzii heshima.

Stadi iliyo kuu, kwa maoni yetu, ni ya kuongoza majadiliano. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ni ushahidi wa kutosha. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo mafupi, na watu wapatao milioni mbili walikusanyika vikundi vikundi kusikiliza redio, kusoma kitabu, kujadiliana, na kuamua la kufanya. Kiongozi hakuwa mganga. Kazi yake ilikuwa kuuliza, kuhakikisha kila mmoja amepata kusema, na kukifikisha kikundi kwenye uamuzi. Kikundi kilichozungumza juu ya kuhara bila kukata shauri ni nani atachimba choo na lini, kilikuwa kimesikiliza redio tu.

Maswali nayo hayalingani. Ukiuliza, “Je, maji safi ni muhimu?” darasa zima litaitikia “Ndiyo,” na mazungumzo yamekwisha. Uliza, “Jana maji ya kunywa nyumbani kwenu yalitoka wapi?” nawe utasikiliza hadi jua lichwe. Na pale ambapo wanaume wawili watatu wanakamata maneno yote, wagawe watu wawili wawili wazungumze kwanza; akina mama watakuwa na la kusema zamu yao ikifika.

Heshima yahitaji maelezo machache. Mwalimu wa miaka ishirini na miwili huanza kwa shikamoo, na huita mama, baba, bibi, mzee. Kosa lisahihishwe ubaoni bila kumtaja aliyelikosea. Jina la ngumbaru, ambalo wengi walilitumia kwa madarasa haya, baadhi ya watu wamelifanya la kejeli, heri liachwe. Herufi ziandikwe kubwa, kwani macho yamechoka, wala mkono uliozoea jembe usiharakishwe kwa penseli. Madawati ya watoto humwumiza mtu mzima magoti. Mkeka chini ya mwembe wafaa zaidi. Kuhusu daftari la mahudhurio hatuna mengi: liwepo, lakini lisisomwe kwa sauti ya kukaripia msimu wa kupanda ufikapo.

Limebaki suala la upimaji, nalo ndilo lililotukosesha usingizi. Katika mtihani wa taifa wa Agosti 1975 wanakisomo waligawanywa katika hatua nne, na waliofika ya tatu na ya nne walihesabiwa kuwa wamefuzu. Wasiojua kusoma, ambao mwaka 1967 walikuwa yapata theluthi mbili ya watu wazima, walitajwa kuwa asilimia 39 mwaka 1975 na asilimia 9.6 mwaka 1986. Kisha idadi yao ikapanda tena. Mtu wa hatua ya tatu asiye na cha kusoma hurudi alikotoka, na ndiyo maana magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho la Mwanza yalianzishwa miaka ile ya 1970. Asiye na gazeti aweza kuwaandikisha wanafunzi wake barua zao, kumbukumbu za mikutano ya ushirika wao na hesabu za mauzo yao, akazishona pamoja zikawa kitabu cha darasa. Siku ya mtihani wa mwisho kitabu hicho kiwe tayari mezani.