Je, Wajua? Sonara Aliyemrudishia Mfalme Dhahabu Yake

Je, wajua kwamba masonara, wahunzi na mafundi wa kuwapigilia farasi viatu vya chuma wana mtakatifu mmoja wa kuwaombea? Ni Eligius, ambaye Wafaransa humwita Éloi. Alizaliwa karibu na Limoges, Ufaransa, mnamo mwaka 588 hivi.

Je, wajua alivyoingia ikulu? Mfalme Clotaire wa Pili alitaka kiti cha enzi cha dhahabu na vito. Eligius akapimiwa dhahabu, akaenda kuifua. Aliporudi na kiti, mfalme akakisifu na kuamuru fundi alipwe. Ndipo Eligius akatoa kiti cha pili, alichokitengeneza kwa dhahabu iliyobaki! Aliyewahi kumpelekea sonara bangili ya kuyeyushwa anaijua ile kauli kwamba moto umekula kidogo na tupa imekula kidogo. Huyu hakusema hivyo.

Je, wajua kwamba mfalme alimtaka aape juu ya masalia ya watakatifu, naye akakataa huku akilia? Mfalme akazidi kumwamini.

Je, wajua kwamba zipo hadi leo sarafu zilizopigwa jina lake? Alisimamia upigaji wa sarafu za wafalme.

Je, wajua pesa zake zilikwenda wapi? Zilikomboa watumwa. Aliposikia wanauzwa, alikimbilia huko, akanunua hata hamsini kwa mpigo, kisha akawapa hiari: kurudi kwao na masurufu ya njiani, kubaki naye, au kuingia monasteri. Kwangu mimi, hili linapita viti vyote viwili.

Je, wajua kwamba alikuwa mlei alipochaguliwa kuwa askofu? Aliwekwa wakfu mwaka 641, jimbo la Noyon. Sikukuu yake ni 1 Desemba.

Je, wajua kisa cha farasi mkorofi? Ati Eligius alimkata mguu, akaupigilia kiatu mezani, akaurudisha mahali pake. Kisa hiki kilizuka karne nyingi baada yake, lakini wahunzi wa Florence walikipenda: kimechongwa chini ya sanamu yake katika kanisa la Orsanmichele.

Na je, wajua kwamba watoto wa Ufaransa bado huimba juu yake? Katika wimbo huo Mfalme Dagobert, mwana wa Clotaire, amevaa suruali nje ndani, na Eligius ndiye anayemwambia.