Mbwa Mzee Anapokunywa Maji Kupita Kiasi (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulizitazama tezi za adrenali, vipande viwili vidogo vilivyokaa jirani na figo, vinavyotengeneza kotisoli na adrenalini. Leo tuone kinachompata mbwa mzee tezi moja inapoota uvimbe.

Hapa Gisenyi dalili zake huwa tunaziita uzee. Mzee mmoja jirani yangu ana mbwa dume wa kilo 25. Tumbo lilikuwa limening'inia kama la jike mwenye mimba, manyoya ya mbavuni yamenyonyoka pande zote mbili, ngozi imekuwa nyembamba. Usiku, upepo wa Kivu ukipuliza baridi, mbwa alilala sakafuni akihema, ulimi nje.

"Amezeeka tu," akasema.

"Mzee wangu, anakunywa maji kiasi gani?"

Hakujua, kwa kuwa bakuli hujazwa na yeyote anayepita. Basi tukaweka jerikani ya lita 5, bakuli likajazwa kutoka humo tu. Kesho yake saa ileile ilibaki lita moja na nusu. Mbwa akivuka mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kuna jambo. Huyu mpaka wake ulikuwa lita mbili na nusu, naye alikunywa tatu na nusu.

Kiu pekee haithibitishi uvimbe. Kisukari huileta, figo mbovu huileta, na kwa jike hata usaha katika mji wa mimba. Tena kuna swali lisilorukwa: je, mbwa amekuwa akipewa prednisoloni au sindano za steroidi kwa ajili ya kuwashwa? Dawa hizo zikitumika muda mrefu huleta sura hiyohiyo bila uvimbe wowote. Lakini usizikatishe ghafla, maana tezi zake zimeshalala. Daktari atazipunguza kidogo kidogo.

Kama hakupewa, daktari hupima damu, humdunga deksamethasoni kidogo, kisha hupima tena baada ya saa 4 na saa 8. Kwa mbwa mzima kotisoli hushuka. Kwa mgonjwa kwa kawaida hukataa kushuka. Maradhi haya huitwa ya Cushing, kwa jina la Harvey Cushing, mpasuaji wa Marekani. Katika mbwa 100 wanaougua, 80 hadi 85 kosa liko kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo. Waliobaki ndio wenye uvimbe wa adrenali. Ultrasaundi husaidia kuwatenganisha: pituitari ikiwa mkosaji, adrenali zote mbili hunenepa, uvimbe ukiwa wa adrenali, moja huwa kubwa na mwenzake husinyaa kwa kukosa kazi.

Uvimbe mwingine humwaga adrenalini kwa vipindi. Mbwa hutetemeka, moyo humwenda mbio, pengine huanguka, kisha huinuka kama si yeye. Ukifika kwa daktari hakuna cha kuona. Mrekodi kwa simu, na uombe apimwe shinikizo la damu.

Tiba ya kuuondoa uvimbe ni upasuaji, nao ni mzito, hasa uvimbe ukiwa umeingia kwenye mshipa mkubwa wa damu. Ule wa adrenalini huhitaji kwanza dawa za shinikizo kabla ya kisu. Pasipo upasuaji, trilostani hupunguza kotisoli. Hutolewa pamoja na chakula, na damu hupimwa mara kwa mara. Mbwa akitapika, akikataa chakula au akilegea, simamisha dawa na umwone daktari siku hiyohiyo.

Nchini kwetu kazi kubwa ya daktari wa mifugo ni ng'ombe. Usimpelekee mbwa na neno "amezeeka". Mpelekee kipimo cha maji cha siku tatu, orodha ya dawa alizopewa, na video iliyo kwenye simu yako.