Kwa nini wengine wanamwogopa chale?

Inapofika Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, au siku ya michezo ya watoto, pengine huletwa chale kambini. Hatusemi chale za wembe wa mganga. Tunamsema yule mchekeshaji aliyejipaka rangi nyeupe usoni, mdomo mwekundu hadi mashavuni, pua kama nyanya na viatu vikubwa kama mitumbwi. Watoto wengi hucheka. Lakini tazameni pembeni: yupo mtoto anayelia na kujificha katika kitenge cha mama yake, na pengine yupo mtu mzima aliyeondoka kimya kimya. Watu hao huchekwa. Wengine hufikia kumbeba mtoto kwa nguvu ili amshike chale mkono, eti azoee. Tunawaomba msifanye hivyo, na hapa tunaeleza sababu.

Kwanza, hofu hii si ya watoto peke yao, wala si ya wakimbizi peke yao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha South Wales, Uingereza, waliwauliza watu wazima 987 kutoka nchi 64. Zaidi ya nusu yao, asilimia 53.5, walisema wanamwogopa chale angalau kidogo, na asilimia 5 walisema wanamwogopa sana. Ni watu waliojibu kwa hiari yao, kwa hiyo hesabu hii si ya dunia nzima, lakini inatosha kuonyesha kwamba anayeogopa hayuko peke yake. Mwaka 2008 watafiti wa Sheffield, nchini humo humo, waliwauliza watoto zaidi ya 250 wenye umri wa miaka 4 hadi 16 jinsi wanavyotaka wodi zao zipambwe. Picha za machale hazikupendwa, hata na wale wakubwa. Watu wazima walikuwa wamedhani wanawafurahisha.

Uso unasema nini?

Wale wa South Wales walipochunguza sababu, walikuta kwamba wachache tu waliwahi kutendewa vibaya na chale. Jambo zito zaidi lilikuwa uso uliofichwa. Binadamu husoma uso kabla ya kusikia neno. Mtoto wa miezi minane hivi akibebwa na mgeni, hutazama macho na mdomo wa mgeni huyo, kisha humgeukia mama yake kuona kama kuna hatari. Sasa chale amechorwa kicheko ambacho hakiondoki. Akikasirika anacheka, akichoka anacheka. Tena haijulikani atafanya nini: atakumwagia maji, atakukumbatia, atakufukuza? Anayeogopa hapo si mjinga. Amekosa habari anayoihitaji ili ajue kama yuko salama.

Sisi watu wa afya tunalijua jambo hili kwa upande mwingine. Wakati wa Ebola mtoa huduma huvaa kinga mwili mzima, na mgonjwa haoni ila miwani na plastiki. Watu wengi walikimbia. Huko Liberia mwaka 2015, msanii mmoja wa Marekani, Mary Beth Heffernan, aliwapiga picha wahudumu wakitabasamu na kuzibandika picha hizo kifuani, juu ya kinga, ili mgonjwa ajue ni nani aliye ndani. Na katika mlipuko wa Kivu na Ituri wa 2018 hadi 2020, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vya plastiki angavu, ambamo mgonjwa aliwaona ndugu zake na wao wakamwona. Ugonjwa ulikuwa ule ule, lakini watu walionana.

Wazee wetu nao walikuwa na njia yao. Kwa Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji kuna ngoma ya mapiko. Mchezaji huvaa kinyago cha mti kichwani na nguo zinazofunika mwili wote, na watoto huambiwa kwamba huyo si mtu. Wanakimbia kweli kweli. Kijana akiingia jandoni ndipo anapoonyeshwa siri: chini ya kinyago kuna mtu, tena huenda ni jirani yake. Angalieni kwamba kinyago huvuliwa mbele yake, wakati wake ukifika, na watu wanaomlea wakiwa karibu.

Hofu inapotoka vitani

Hapa ndipo tunapotaka msome polepole. Wengi wetu tumewahi kuona nyuso zilizofichwa ambazo hazikuja kuchekesha. Rwanda mwaka 1994 baadhi ya wanamgambo walijipaka chaki au mkaa na kuvaa majani ya migomba. Mashariki mwa Kongo wapo waliokuja usiku wamejipaka masizi au wamejifunga vitambaa, ili jirani asiwatambue. Mtu aliyepitia hayo akiona uso uliopakwa rangi, kumbukumbu yaweza kurudi kana kwamba jambo linatokea sasa: moyo unapiga mbio, jasho linamtoka, miguu inataka kukimbia. Hajui kwa nini. Anaona aibu, kwa sababu wengine wote wanapiga makofi.

Kuogopa siku moja na kusahau si ugonjwa. Lakini ikiwa kwa zaidi ya mwezi mmoja mtu anaota ndoto mbaya, anashtuka ovyo, anakwepa mikusanyiko yote, au mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani ameanza tena, mleteni kituo cha afya au zungumzeni na mhudumu wa afya wa eneo lenu. Msingoje mpaka ashindwe kula.

Kituo kikiona inafaa, mgonjwa aweza kupewa rufaa. Nchini Uganda hospitali ya taifa ya rufaa ya magonjwa ya akili ni Butabika, katika Divisheni ya Nakawa, mashariki mwa Kampala. Ilifunguliwa mwaka 1955. Tunajua jina hilo linavyotumika mjini: mtu akikosea kidogo anaambiwa aende Butabika, kama Watanzania wanavyosema Mirembe na Wakenya Mathari. Tusi hilo limewafanya wengi wakae na maumivu nyumbani. Si kila aendaye Butabika hulazwa. Wako wanaomwona daktari na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ipo pia wodi ya watoto na vijana. Kwa ndugu wanaoishi Kinawataka, Banda au karibu na soko la Nakawa, hospitali hiyo iko ndani ya divisheni yao wenyewe.

Matibabu ya hofu kama hii mara nyingi ni mazungumzo na kuizoea kidogo kidogo. Leo picha, kesho kumtazama chale kwa mbali, siku nyingine kuishika ile pua ya bandia. Mwenye hofu ndiye anayesema twende au tusimame. Aliyeburutwa hazoei, hujifunza tu kwamba hata mama yake hawezi kumlinda.

Hatusemi machale wasije tena. Mwaka 1993 chale wa Barcelona aitwaye Tortell Poltrona alikwenda kuwachekesha watoto wakimbizi huko Kroatia, na safari hiyo ikazaa shirika la Machale Wasio na Mipaka. Huko Italia, utafiti wa watoto 40 waliosubiri upasuaji, uliotolewa mwaka 2005, ulionyesha kwamba walioingia wakisindikizwa na machale hawakuwa na wasiwasi mwingi kama wenzao. Mcheshi mzuri ni msaada.

Kwa hiyo wanaoandaa michezo tunawaomba hivi. Chale aje na uso wake wa kawaida, awasalimie wazazi, ataje jina lake. Ajipake rangi pale pale watoto wakitazama, na mchezo ukiisha anawe mbele yao. Aachwe upande mmoja wazi kwa anayetaka kuondoka, bila kuitwa wala kuchekwa. Na mtoto akisema "sitaki", chale asimame hapo alipo.