Nani anapima programu inayohesabu wagonjwa wetu?

Kila mwisho wa mwezi, katika vituo vya afya vya Likasi, Kikula na Panda, wauguzi wanajaza ripoti: watoto wangapi walichanjwa, wamama wangapi walizaa, watu wangapi walipatikana na malaria. Karatasi zinaenda kwenye biro ya zoni ya afya, na pale hesabu zinaingizwa katika ordinatere, ndani ya programu inayoitwa DHIS2. Lubumbashi na Kinshasa wanaziona. Hesabu hizo zinasaidia kujua ni fasi gani inahitaji dawa.

Sasa, kama programu yenyewe inahesabu vibaya?

DHIS2 ni programu huria. Maana yake, maandiko yake ya ndani yako wazi: kila mutu anaweza kuyasoma na kupendekeza marekebisho. Inaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, kule Norway, lakini ilianza Afrika ya Kusini katika miaka ya 1990. Mafundi wengi wanaigusa. Na ukitengeneza fasi moja, unaweza kuharibu ingine bila kujua.

Wachimbaji wa madini wa hapa kwetu wanajua namna ya kushika mizani ya uongo: unaweka juu yake jiwe ambalo unajua ni kilo 10. Ikionyesha 8, mizani ni mbaya. Mafundi wa programu wanafanya vile vile. Wanaandika swali lenye jibu linalojulikana, na ordinatere inajiuliza yenyewe.

Tuchukue mufano. Kituo kimoja kilipata wagonjwa 30, cha pili 50, cha tatu hakikutuma ripoti. Kwa vituo viwili vilivyotuma, wastani ni 40. Lakini kama mutu amebadilisha programu na ile nafasi tupu inahesabiwa kama sifuri, jibu linashuka mpaka karibu 27. Hakuna mugonjwa aliyepona, lakini malaria inaonekana kama imepunguka! Jaribio linapashwa kushika kosa hilo mbele halijafika kwetu.

Zamani mafundi wengi walikuwa wanafanya kazi kila mumoja upande wake, kisha wanaunganisha yote mwishoni. Makosa yalirundikana, na kujua yametoka wapi ilikuwa shida. Leo wanaunganisha kila mara. Fundi akileta badiliko, hata dogo, mashini inaendesha majaribio yote papo hapo. Moja likianguka, alama nyekundu inatokea, na badiliko linarudishwa kwa mwenyewe. Yakipita yote, fundi mwingine analisoma bado, ndipo linaingia.

Lakini tusidanganyane. Mashini inajibu tu maswali ambayo watu walifikiri kuiuliza. Na kama muuguzi ameandika 500 pahali pa 50, hilo si kosa la programu, jaribio halitaliona.

Ndiyo maana macho ya watu wa chini yana kazi. Mwenye kuingiza hesabu akiona jumla ambayo haieleweki, asinyamaze na kurekebisha kwa mukono tu. Aijulishe kwa wakubwa wa programu, na mufano kamili. Fundi mwema, mbele ya kutengeneza kosa, anaandika kwanza jaribio jipya juu yake. Tangu siku ile, kosa lililoonekana Likasi linachungwa kwa inchi zote zinazotumia programu hiyo.