Klabu ikimtaka mtoto wetu, imlee kweli



Siku ya Yenga, ibada zikiisha, ukipita Manika au Dilala utawaona. Kiwanja ni udongo mwekundu, goli ni mawe mawili, mpira umefungwa kwa mifuko na kamba. Watoto wanakimbia bila viatu mpaka giza linaingia. Mmoja anajiita Mputu, mwingine anajiita Samatta, na golikipa akishangilia anaruka-ruka kwa matako kama Kidiaba. Sisi tunapita na mabeseni yetu kichwani, tunacheka, kisha tunawaita waje kula bukari.

Lakini siku hizi tunaona pembeni ya viwanja hivyo watu wazima wenye daftari. Jioni mmoja anabisha hodi: "Mama, mtoto wako ana kipaji. Tunamtaka kwenye ekipe yetu ya vijana." Moyo unaruka kwa furaha, na papo hapo unajaa maswali. Masomo je? Atalala wapi? Nani atamtibu akivunjika mguu?

Redioni na kwenye vibanda vya vinywaji, baba zetu wanabishana kila juma: klabu itegemee vijana iliyowalea yenyewe, au inunue wachezaji waliokwisha kukomaa? Wanaizungumza kama habari ya feza na vikombe tu. Sisi walimu tulio pia wamama tunaona kwamba swali hilo ni letu, kwa sababu huyo "kijana wa akademia" ametoka katika nyumba ya mtu, na asubuhi alikuwa ameketi katika darasa la mtu.

Tuanze na klabu ambayo Katanga nzima inaijua, Tout Puissant Mazembe ya Lubumbashi. Mwaka 2015 ilishinda kombe la mabingwa wa Afrika kwa mara ya tano, kwa kuifunga USM Alger ya Algeria 2-1 kule kwao na 2-0 Kamalondo. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Lakini tukumbuke nani alifunga. Mabao yale manne yaliwekwa na Rainford Kalaba wa Zambia, Mbwana Samatta wa Tanzania na Roger Assalé wa Côte d'Ivoire. Samatta alinunuliwa kutoka Simba ya Dar es Salaam mwaka 2011, baada ya Mazembe kumwona akicheza dhidi yao. Hatuwalaumu, walicheza kwa moyo na tuliwapenda kama watoto wetu. Ila ukweli ni kwamba kombe lile lilijengwa pia kwa feza nyingi, na feza haikai mahali pamoja.

Klabu yenyewe ililijua hilo. Mwaka 2012, ikiwa bado tajiri, ilianzishwa akademia inayoitwa Katumbi Football Academy ili kulea vijana wa kwetu. Miaka ikapita, wale nyota wakaondoka mmoja mmoja. Samatta alikwenda Genk, Ubelgiji, Januari 2016. Mazembe ikapitia vipindi vigumu. Kisha mwaka 2024 ikafika tena nusu fainali ya mabingwa wa Afrika ikiwa na kikosi chenye vijana wengi. Ilitoka sare 0-0 na Al Ahly hapa nyumbani, ikafungwa 3-0 Cairo. Wengine walisema, "Mnaona? Watoto hawawezi." Sisi tulisema kwamba mtoto aliyefika nusu fainali hajashindwa, bado anakua.

Nje ya Afrika kuna mfano unaotugusa sisi watu wa migodi. Bilbao, katika Hispania, ni mji uliokua kwa chuma kama Kolwezi ilivyokua kwa shaba. Klabu yake, Athletic, imeshika desturi kwa zaidi ya miaka mia moja: huchezesha watu wa eneo lao la Basque tu, waliozaliwa huko au waliojifunzia mpira huko. Haiwezi kununua nyota wa Brazili hata ikiwa na feza. Lakini haijawahi kushuka kutoka daraja la kwanza la Hispania, na mwaka 2024 ilishinda Kombe la Mfalme. Migodi ya chuma ya kule ilifungwa, klabu imebaki.

Hapo ndipo tunapojiuliza kuhusu Kolwezi yetu. Wazee wanakumbuka wakati wa Gécamines, kampuni ilipokuwa na shule, hospitali, posho ya unga na viwanja vya michezo kwa watoto wa wafanyakazi. Kisha kampuni ikalegea, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Tulijifunza kwa uchungu kwamba kitu kinachoshikwa na feza za mgodi peke yake, mgodi ukikohoa, nacho kinaugua. Klabu zetu za hapa, Simba na Blessing, zikitegemea mfadhili mmoja wa kununua wachezaji kila mwaka, zitakuwa na maisha kama hayo. Zikilea watoto wa Kapata, Musonoi, Luilu na Kasulo, zitakuwa na mizizi.

Kwa hiyo jibu letu ni ndiyo: klabu zitegemee vijana zinaowalea. Lakini neno hilo "kulea" sisi tunalijua kuliko wao. Kulea si kumpa mtoto jezi na viatu. Mtoto analishwa, anasomeshwa, anatibiwa, anaambiwa ukweli. Klabu inayochukua watoto themanini ili ipate wawili, na wale wengine ikawarudisha nyumbani bila kusoma, hiyo haijalea mtu. Imefanya kama mchimbaji anayeosha mawe: anachukua yanayong'aa, mengine anayaacha mtoni.

Tumeliona kwa macho yetu. Katika darasa letu la mwaka wa sita alikuwepo mvulana mwepesi wa hesabu, na mwepesi zaidi wa miguu. Mtu mmoja aliyejiita meneja aliwaambia wazazi kwamba atampeleka Zambia kufanya majaribio. Mama yake akapokea zamu yake ya likelemba, akampa yote. Mtoto aliacha masomo katikati ya mwaka ili "ajiandae". Alikaa miezi akingojea. Yule mtu akazima simu. Tulipomwona tena mvulana yule, alikuwa kando ya maji pamoja na watoto wengine, anaosha mawe ya kobalti, na kitabu chake cha hesabu alikuwa amempa mdogo wake. Mama yake hakutulaumu, wala hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Mwalimu, nani angeniambia?"

Basi tuambiane. Hapa chini ni mambo ambayo kila mama anapaswa kuyajua kabla ya kuweka sahihi.

La kwanza, safari ya nje. Sheria ya FIFA, shirikisho la mpira la dunia, hairuhusu mtoto aliye chini ya miaka 18 kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kwa mfano wazazi wenyewe wanapohamia huko kwa mambo yasiyohusu mpira. Mtu akikuahidi kwamba mtoto wako wa miaka 12 atasajiliwa Zambia au Ulaya mwaka huu, mwombe akuonyeshe ni sababu gani kati ya hizo. Akitaka feza kwanza, funga mlango.

La pili, miaka ya mtoto. Wengine watakushauri ukapate cheti kipya cha kuzaliwa ili mtoto apunguzwe miaka. Usikubali. Tangu mwaka 2009 FIFA hutumia mashine kupiga picha ya mifupa ya kifundo cha mkono kwenye mashindano ya walio chini ya miaka 17, na mfupa haudanganyi. Januari 2023, huko Kameruni, vijana 21 kati ya 30 waliokuwa wamechaguliwa kwa ekipe ya chini ya miaka 17 walishindwa kipimo hicho na kuondolewa. Fikirini machozi ya siku ile katika nyumba 21.

Tunaye pia Mkongomani mwenzetu, mshambuliaji aliyechezea Stuttgart huko Ujerumani, aliyejulikana kwa jina la Silas Wamangituka. Juni 2021 ilitangazwa kwamba jina lake la kweli ni Silas Katompa Mvumpa, na kwamba alikuwa mkubwa kwa mwaka mmoja kuliko karatasi zilivyosema. Klabu yake ilieleza kuwa alipofika Ulaya akiwa kijana aliangukia mikononi mwa wakala aliyeshika hati zake na feza zake na kumtia hofu. Alifungiwa kucheza miezi mitatu na kutozwa faini. Alipata ujasiri wa kusema kweli, na leo anaitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake. Lakini miaka kadhaa aliishi kwa jina lisilo lake. Ni mama gani anataka hilo kwa mtoto?

La tatu, feza ambazo klabu inazipata. Wengi wetu hatujui kwamba mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawanywa kwa klabu zote zilizomfundisha tangu umri wa miaka 12 mpaka 23. Tupige hesabu kama darasani. Bei ikiwa dola 1,000,000, fungu hilo ni dola 50,000. Kila mwaka wa mafunzo kati ya 12 na 15 una dola 2,500, na kila mwaka kati ya 16 na 23 una dola 5,000. Ekipe ndogo ya mtaa iliyomshika mtoto miaka minne ya kwanza ina haki ya dola 10,000, ikiwa tu ilimwandikisha kwa utaratibu na karatasi zipo. Feza hizo ni za klabu, si za mzazi. Lakini tukizijua, tunajua pia kwamba klabu haitufanyii hisani kwa kumpokea mtoto. Mtoto ni mtaji wake. Kwa hiyo tunaweza kuketi mezani na kuomba yaliyo haki.

La nne, na kwetu walimu ndilo kubwa, ni masomo. Ekipe inaweka watu kumi na mmoja uwanjani. Katika uwanja wa shule yetu moja tu, wanaotaka kucheza namba tisa wanazidi hao. Wengi hawatafika, na hata atakayefika, goti linaweza kumaliza kazi yake akiwa na miaka 22. Siku hiyo atahitaji diploma yake. Shule ya msingi ya Serikali ni bure tangu mwaka 2019, hakuna sababu ya klabu kumtoa mtoto darasani asubuhi. Mazoezi yawe mchana baada ya masomo, na akihama kwenda kulala kambini, shule yake ijulikane kwa jina.

Wapo watakaosema kwamba tunazidisha masharti, na kwamba klabu zetu ni maskini. Ni kweli, kulea kunagharimu. Kocha naye ana hofu yake: akichezesha watoto akafungwa mara tatu, mashabiki watamfukuza, na mtoto akikomaa klabu tajiri itamchukua. Tunawaelewa. Ndiyo maana sisi nasi tuna kazi. Tuwafundishe waume na kaka zetu uvumilivu pale kijana wa miaka 18 anapokosa penalti. Huwezi kudai ekipe ya watoto wa nyumbani, halafu ukawatukana kila wanapokosea.

Wala tusiwasahau wasichana. Novemba 2024, huko Moroko, wanawake wa TP Mazembe waliifunga AS FAR bao 1-0 nyumbani kwao wakawa mabingwa wa Afrika. Wengi wetu tulikatazwa mpira tukiwa wadogo, tukaambiwa kazi yetu ni maji na kuni. Mtu mwenye daftari akija kwa ajili ya binti yako, usimfukuze. Muulize maswali yale yale, na uongeze moja: nani mwanamke anayelala na wasichana kambini?

Tunapendekeza kwamba katika mkutano wa juma lijalo kila kikundi kiandike maswali haya kwenye daftari lake, ili mama akibishiwa hodi asiwe peke yake:

Klabu imeandikishwa wapi, na biro yake iko mtaa gani?
Mtoto atasoma shule ipi, na nani atalipa daftari na sare?
Akiumia, atatibiwa wapi na kwa feza ya nani?
Nani atashika cheti chake cha kuzaliwa? (Jibu: ni wewe. Klabu ipewe nakala.)
Asipochaguliwa mwishoni, atarudishwa vipi, na lini tutaambiwa?

Mama asiende peke yake kuweka sahihi. Aende na baba au mjomba wa mtoto, na mwalimu mmoja. Sisi walimu tuko tayari kusoma karatasi hizo za Kifaransa pamoja nanyi, mstari kwa mstari, bila malipo.

Mvulana yule wa mwaka wa sita amerudi darasani mwaka huu. Yuko nyuma ya wenzake kwa kimo cha masomo, mbele yao kwa kimo cha mwili, na mara nyingine anaona haya. Jioni bado anacheza kwenye kiwanja chetu cha udongo. Juma lililopita kocha wa ekipe ya mtaa alikuja kumwona. Safari hii mama yake alimkaribisha, akamwekea kiti, kisha akatuma mtoto mdogo aje kutuita.