Sogeza Tawi, Lakini Sema Ulichokiona

Ramani ya Kolwezi, mji wa migodi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haitulii. Mwaka 2014 kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, watu walichimba mpaka ndani ya nyumba zao. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikafungwa na wakazi wakahamishwa. Mwaka 2023 Amnesty International ilieleza jinsi watu wa Cité Gécamines walivyoondolewa kadiri mgodi wa COMMUS ulivyopanuka. Musonoi nayo, makazi yaliyokulia kando ya machimbo ya shaba na kobalti, iko katika ardhi hiyohiyo. Anayechora mtaa huo kwenye kompyuta anachora kitu ambacho mwenzake naye huenda yuko mbioni kukirekebisha.

Tuseme watu wawili wamefungua Musonoi katika OpenStreetMap, ramani huru iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Wa kwanza yuko Kolwezi. Anarekebisha jina, kwa sababu mtaa huo huandikwa mara “Musonoie”, mara “Musonoi”. Wa pili yuko Brussels, anatazama picha ya setilaiti na kuuchora upya mpaka wa mtaa kwa kuwa shimo la mgodi limeula. Wote wameanza na nakala ileile. Kama mtambo ungepokea tu kila kinacholetwa, atakayetuma wa mwisho angefuta badiliko la mwenzake bila hata kulitazama. Hakuna ambaye angepata onyo. Hasara ya namna hii ni mbaya kuliko kompyuta kuzimika, maana kompyuta ikizimika angalau unajua.

Tangu Aprili 2009 ramani hiyo ina kinga. Kila kitu kilichochorwa hubeba namba ya toleo, na anayetuma badiliko lazima ataje toleo alilolifanyia kazi. Ukisema umerekebisha toleo la 7 na seva tayari ina la 8, unakataliwa, hata kama wewe umegusa mpaka na mwenzako amegusa jina tu. Seva haijaribu kuwapatanisha. Inakuambia kuna mgongano, nawe urudi ukatazame. Kwa mtu anayechora siku nzima bila intaneti kisha akatuma jioni, jambo hili hutokea mara nyingi na huudhi. Hata hivyo naona seva ina haki.

Waandishi wa programu wana tatizo hilohilo, na kwao ni kali zaidi. Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds Aprili 2005, huhifadhi kila hatua ya kazi kwa jina refu, kwa kawaida la herufi na tarakimu 40, linalokokotolewa kutokana na yaliyomo. Hatua hizo hazibadiliki kamwe. Kinachobadilika ni tawi, na tawi si kitu kikubwa: kwa kawaida ni faili ndogo yenye zile herufi 40 na alama ya mwisho wa mstari, baiti 41 basi. Ni kibao kinachoelekeza kwenye hatua ya mwisho. Kazi ya miezi ya timu nzima hufikiwa kupitia kibao hicho, ndiyo maana namna ya kukisogeza imefikiriwa sana.

Ndani ya kompyuta moja, Git haiandiki juu ya faili ya tawi moja kwa moja. Kwanza hutengeneza faili jirani, kwa mfano main.lock, kwa amri inayoshindwa kama faili hiyo ipo tayari. Aliyewahi ndiye mwenye kufuli. Kisha hukagua kama tawi bado liko pale alipodhani lipo, huandika thamani mpya ndani ya kufuli, halafu huibadilisha jina ili ichukue nafasi ya faili ya zamani. Kubadilisha jina hufanyika kwa pigo moja: anayesoma ataona ya zamani au mpya, hataona nusu.

Umeme ukikatika katikati, jambo ambalo Kolwezi si habari, kufuli hubaki bila mwenyewe na Git hugoma kulisogeza tawi. Wengi huifuta faili hiyo upesi upesi. Inaruhusiwa, lakini baada ya kuhakikisha hakuna Git nyingine inayoendelea kufanya kazi. Tangu toleo la 2.36 la mwaka 2022, Git pia inaweza kuhakikisha thamani mpya imefika kwenye diski kabla ya kubadilisha jina la faili.

Kati ya kompyuta na seva ndipo watu huumizana. Kwa kawaida Git, inapotuma kazi kwenye seva, hukubali tawi lisogee mbele tu, yaani hatua mpya iwe imejengwa juu ya ile iliyopo. Aliyepanga upya historia yake hukataliwa, na hapo kishawishi cha kusukuma kwa nguvu humjia. Amri ya --force huiambia Git isijali kama tawi linarudi nyuma. Kama mwenzako alituma kazi nusu saa iliyopita, tawi halielekezi tena kwenye kazi hiyo.

Mwaka 2013, toleo la 1.8.5 lilileta --force-with-lease. Hii bado ni nguvu, ila yenye sharti: sogeza tawi iwapo tu seva bado ina thamani niliyoiona mara ya mwisho. Ni lile swali la namba ya toleo la ramani. Lakini lina mwanya. Programu nyingi za kuandikia huvuta habari za seva zenyewe, kimyakimya, kila baada ya dakika chache. Zikishavuta, Git huhesabu kwamba wewe umeona kazi ya mwenzako, ingawa hujaifungua. Sharti linatimia na kazi inafunikwa. Dawa ya kweli ni kuitaja mwenyewe thamani unayoitarajia, kwa herufi zake, au kuongeza --force-if-includes, iliyoongezwa Desemba 2020, ambayo hukagua kama ulichovuta kiliwahi kuingia katika tawi lako.

Likishatokea la kutokea, hatua zilizofunikwa hazifi papo hapo. Kompyuta yako huweka daftari la mahali tawi lilipowahi kuwa, na hatua zisizofikiwa tena na tawi hubaki humo siku 30 kwa mpangilio wa kawaida. Seva, kwa mpangilio huohuo wa kawaida, haiweki daftari hilo. Kwa hiyo anayeweza kuikomboa kazi iliyofunikwa kwa kawaida ni yule aliyeiandika, mradi hajaifuta kwenye kompyuta yake.